Tuzo ya Kyoto na wale walioandika Gombe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Barua ni ndefu najua, mkiona imezidi punguzeni mnapotaka ila msiniondolee majina ya watu, maana hayo majina ndo yamenifanya nikae chini niandike.

Alipofariki Jane Goodall, yule mama wa Kiingereza mtafiti wa sokwe wa Gombe hapa Kigoma, tarehe 1 Oktoba 2025, ana miaka 91, akiwa California kwenye ziara zake za kuzungumza na watu, magazeti yaliweka orodha ya tuzo alizopata. Kyoto 1990, ile ya Asturias kule Hispania 2003, Templeton 2021, nishani ya Rais wa Marekani Januari hiyo hiyo ya mwaka aliofariki, na nyingine nyingi. Karibu kote nilikosoma Kyoto imepewa maneno mawili matatu ikapita. Watu wanajua Nobel tu, na Nobel yenyewe wengi wameifuatilia kwa karibu tangu 2021 alipoipata Abdulrazak Gurnah, hapo hata vijiweni watu walibishana wiki nzima kama ni wetu au ni wa Waingereza. Sasa mimi nasema hii ya Kyoto, kwa sisi watu wa ziwa Tanganyika, ndo iliyotakiwa iandikwe ukurasa mzima, na sio kwa ajili ya kumsifia mama Goodall peke yake.

Kwanza tujue ni tuzo gani. Aliyeianzisha ni Kazuo Inamori, mtu wa Kagoshima kusini mwa Japani, kazaliwa 1932. Utotoni kaugua kifua kikuu, mtihani wa kuingia shule aliyoitaka kafeli, chuo kasoma cha hapo hapo kwao, yaani hakuna aliyemtegemea awe mtu. 1959 akafungua kampuni ya vitu vya kauri mjini Kyoto, ndo hiyo Kyocera, ingia stationery yoyote angalia mashine ya fotokopi jina utalikuta. Mwaka 1984 akatoa yen bilioni 20 za kwake akaanzisha taasisi, na 1985 tuzo za kwanza zikatoka. Mzee huyo huyo 1997 akanyoa kichwa akaingia utawa wa Kibudha, halafu 2010 ana miaka 78 serikali ikaenda kumwangukia aiokoe Japan Airlines iliyokuwa imefilisika, akaisimamisha tena na mshahara hakuchukua. Amefariki 2022. Matajiri tunao na sisi, naishia hapo.

Kila mwaka zinatoka tuzo tatu, moja ya teknolojia, moja ya sayansi zenyewe, moja ya sanaa na falsafa, na pesa ni ile ile kwa zote, hakuna sanaa kupewa chenji. Ilikuwa yen milioni 50 kila moja, mwaka 2018 wakapandisha ikawa milioni 100, kwa rate za siku hizi ni dola laki sita na kitu, pamoja na medali ya dhahabu iliyopambwa kwa mawe ya rubi na zumaridi. Sherehe wanafanya Novemba, Kyoto.

Kinachonifurahisha mimi ni nani wanakaa kwenye jukwaa moja. Mwaka wa kwanza kabisa alipewa Claude Shannon, yule ambaye bila hesabu zake hata hii meseji ya simu isingefika. Chomsky, mtaalamu wa lugha, kapewa 1988, Kurosawa wa sinema 1994. Halafu 2003 wakampa mzee anaitwa Tamao Yoshida, kazi yake kuchezesha vikaragosi. 2014 wakampa bibi mmoja Fukumi Shimura, ana miaka 90 wakati huo, kazi yake ni kupaka nyuzi rangi za majani na magome ya miti na kufuma vitambaa vya kimono. 2010 William Kentridge wa Afrika Kusini, anayechora kwa mkaa, anapiga picha, anafuta, anachora tena juu yake mpaka inakuwa filamu. 2022 Zakir Hussain mpiga tabla, na tabla waliokulia na taarabu ya Mombasa hawahitaji kuelezwa. Yaani huyu wa vikaragosi na huyu wa nyuzi wanainama kupokea medali ile ile anayopokea mtu wa kompyuta. Huku kwetu fundi wa mikono tunamwita "fundi" na bei tunamshusha.

(Kuna kisa cha pembeni lazima nikitie. 2013 walimpa Cecil Taylor, mpiga piano wa jazi wa Brooklyn, mzee wa miaka 84. Kulikuwa na mkandarasi anafanya ujenzi nyumba ya jirani, akajifanya rafiki, akamsindikiza mpaka Japani, akahakikisha zile pesa zinaingia kwenye akaunti yake yeye mwenyewe. Karibu dola laki tano. Baadae alikamatwa akakiri. Matapeli wa kutuma "ile pesa tuma kwenye namba hii" wapo kila nchi.)

Sasa sikilizeni masharti. Inamori alipoandika hii tuzo apewe mtu wa namna gani, hakuanza na ugunduzi wala umaarufu. Alisema wastahiki ni watu waliofanya kazi kwa unyenyekevu na kwa kujituma kuliko wengine, kila mmoja kwenye kazi aliyoichagua, wanaojua mapungufu yao na kwa hiyo wanaheshimu kile kinachowazidi. Nafupisha kwa maneno yangu lakini ndo maana yake. Niliposoma hayo nikawaza Gombe moja kwa moja, na sikumuwaza mama Goodall, niliwawaza Hilali Matama na wenzake, Watanzania waliokuwa wasaidizi wake wa utafiti.

Mnajua hadithi inavyosimuliwa. Binti wa Kiingereza, hana digrii, katumwa na Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, kutoka Nairobi, anashuka ufukweni Gombe Julai 14 mwaka 1960, serikali ya kikoloni haitaki mwanamke akae porini peke yake basi anakuja na mama yake mzazi, na mpishi Dominic. Novemba anamwona sokwe aliyemwita David Greybeard anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu analivuta na mchwa wamening'inia anawala, na dunia ikatetemeka maana wataalamu walikuwa wanaamini kutumia kifaa ni kazi ya binadamu tu. Yote kweli. Ila hata siku zile za mwanzo porini hakuingia peke yake, kuna Rashidi Kikwale, mtu wa huku huku, aliyempitisha kwenye mabonde yale. Goodall mwenyewe kaandika jina lake. Sisi ndo hatujui.

Tukimbie mpaka miaka ya sabini. Gombe imeshakuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, kituo kimejaa wanafunzi wa Kizungu, na Watanzania wameajiriwa kama wasaidizi wa utafiti. Januari 1974 Hilali Matama anafuatilia kundi la madume wa Kasakela, wanakwenda kusini kimya kimya, wanamkuta dume mmoja wa kundi la Kahama anaitwa Godi anakula mtini peke yake. Anakimbia, wanamkamata, wanamshika miguu, wanampiga na kumng'ata karibu dakika kumi, wanamwacha. Hakuonekana tena. Hapo ndo ilianza ile inayoitwa vita ya miaka minne ya Gombe, madume wa Kahama waliuliwa mmoja mmoja mpaka kundi likaisha. Kabla ya hapo watu walikuwa wanasema binadamu peke yake ndo anayekwenda kuvamia jirani akaua. Huo ushahidi wa kwanza, ambao mpaka leo maprofesa wanautupiana kwenye vitabu kuhusu asili ya vita, ulitoka kwa mtu wa Kigoma aliyekuwa amesimama pale kwenye majani.

Halafu Mei 1975. Usiku watu wenye silaha wanavuka ziwa kutoka Zaire, kundi la Laurent Kabila yule yule aliyekuja kuwa rais 1997, wanawateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Mwishoni waliachiwa wote wakiwa hai baada ya mazungumzo marefu, lakini wageni wakaondolewa Gombe, na Goodall mwenyewe akawa anaishi Dar es Salaam na kwenda kule kwa ruhusa kwa siku chache chache. Sasa mhariri niambie, baada ya hapo nani alibaki porini?

Walibaki hao. Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Alamasi na wengine. Bila daktari wa Cambridge wala mwanafunzi wa Stanford wa kuwasimamia, ziwa lile lile walikotokea wavamizi lipo chini yao, kila alfajiri wanapanda mlimani kumkuta sokwe kwenye kiota kabla hajaamka, wanamfuata mchana kutwa mpaka alale. Watu wawili wawili. Mmoja anaandika maelezo ya kila anachofanya, kala nini, kapanda wapi, kapiga nani, kachambuliwa manyoya na nani, mwingine anajaza ramani na kila robo saa anaweka nani yupo kwenye kundi. Aliyewahi kupanda vilima vya Gombe anajua ile miteremko ilivyo, na sokwe hana haja ya njia, anapita kwenye miiba chini na wewe lazima upite. Jioni unashuka, unaoga, kesho tena. Miaka.

Na waliandika kwa Kiswahili!

Hapo ndo naomba msomaji asimame kidogo. Yale maelezo marefu ya kila siku, ambayo wenyewe wanasayansi wanayategemea mpaka leo, yaliandikwa kwa mkono kwa Kiswahili, halafu yakatafsiriwa kwenda Kiingereza ili yaingie kwenye kompyuta. Miaka ya tisini kumbukumbu zikapelekwa chuo kikuu cha Minnesota, baadae chuo cha Duke, North Carolina, na huko Marekani watu wanachukua udaktari kwa kusoma alichoandika mzee aliyesoma shule ya msingi. Kitabu kikubwa cha kisayansi cha Goodall kilichotoka 1986, ambacho bila shaka ndo kilichowafanya watu wa Kyoto wamwangalie miaka minne baadae, sehemu kubwa ya habari zake za baada ya 1975 ni kazi ya hao. Kila siku tunalalamika Kiswahili sio lugha ya sayansi, wabunge wanabishana, maprofesa wanaandika makala, kumbe wakati wote huo utafiti mrefu kuliko karibu wote duniani wa mnyama wa porini umekuwa ukiandikwa kwa Kiswahili kwenye mbao za kushikia karatasi na wino wa Bic.

Na haikuishia kwenye kuangalia tabia. Mwaka 2009 jarida la Nature lilitoa utafiti ulioonesha kwamba wale sokwe wa Gombe wenye kirusi cha SIV, ndugu wa HIV, wanaumwa na kufa kwa namna inayofanana na ukimwi, wakati kabla watu walidhani kirusi kile kwa sokwe hakina madhara. Ulifanyikaje? Kwa mavi. Huwezi kumchoma sokwe wa porini sindano kila mwezi, kwa hiyo kuna mtu anamfuata yule sokwe kwa jina, anajua kwa uhakika haya ni ya fulani na sio ya dada yake, anayaokota anayatia kwenye chupa ya dawa, anaandika tarehe. Maabara za Marekani hazina maana kama huyo wa chini ya mti kakosea jina.

Nirudi kwa yule mzee wa vikaragosi maana nimemweka pale kwa makusudi. Kwenye bunraku, ule mchezo wa vikaragosi wa Kijapani, kikaragosi kimoja kinachezeshwa na watu watatu. Mkubwa anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili mkono wa kushoto, wa tatu miguu. Kijana anaanza na miguu, anaweza kukaa hapo miaka kumi, ndo apandishwe mkono wa kushoto miaka mingine kama hiyo, ndo labda siku moja ashike kichwa. Na jukwaani yule mkubwa uso wake uko wazi, hawa wawili wamevaa nguo nyeusi na kofia nyeusi ya kufunika uso mzima, watazamaji wote wanawaona na wote wamekubaliana kutowaona. Basi Gombe kwenye picha za magazeti ni hivyo hivyo. Uso mmoja mweupe unaonekana vizuri, na vijana wetu wapo pale pale kwenye picha, wamebeba daftari, maelezo chini ya picha yanasema "Dk Goodall na msaidizi".

Na hapa sitaki mtu anielewe vibaya, sisemi Goodall aliwaibia. Hapana. Kwenye vitabu vyake kawataja kwa majina, kawasimulia. Kuna sura ya kitabu cha kitaalamu ya mwaka 1979 juu ya ugomvi wa makundi ya sokwe Gombe, waandishi wake ni Goodall na wenzake, na kwenye hao wenzake yupo Matama na yupo Mpongo, wameandikwa kama waandishi sio kama watu wa kushukuriwa kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa wakati ule hiyo haikuwa kawaida hata kidogo, kuna wataalamu wengi waliokuja Afrika wakakaa miaka ishirini wakaondoka bila kuandika jina la aliyewapikia wala la aliyewaonesha njia. Kwa hiyo mwenye utafiti aliwaona. Waliokuja kuwasahau ni wanaogawa tuzo, na baada yao ni ninyi waandishi wetu, mnaonakili orodha ya tuzo kutoka mashirika ya nje mnaitafsiri mnaweka.

Nikiongea haya kijiweni kuna jamaa zangu wawili hunipinga kila mara. Mmoja anasema wale walikuwa waajiriwa, walilipwa, fundi ujenzi hapewi tuzo ya msanifu. Sawa, lakini na Goodall alikuwa analipiwa na wafadhili, hakuna aliyekula majani pale. Mshahara wa msaidizi wa utafiti wa mwaka 1976 haukuwa wa kumfanya mtu arudi kwenye msitu ambao mwaka jana watu wametekwa na bunduki. Na msanifu umemtaja vizuri, maana mwaka huo huo wa 1990 aliyepewa ile ya sanaa pamoja na Goodall ni msanifu, Renzo Piano, na yeye ofisi yake wala haina jina lake peke yake, inaitwa karakana ya ujenzi ya Renzo Piano, karakana kabisa.

Wa pili anasema tuzo ni ya wazo, na wazo lilikuwa la mwanamke yule, kukaa kimya na kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hili lina uzito zaidi, nalikubali nusu. Wazo lilikuwa lake. Lakini wazo lile bila mtu wa kulitekeleza kila siku kwa miaka hamsini ni insha tu. Fifi alikuwa mtoto mdogo Goodall alipofika, akaja kutoweka 2004 akiwa bibi mwenye watoto na wajukuu, thamani yote ya Gombe ipo hapo, kwamba unamjua mnyama mmoja tangu ananyonya mpaka anazeeka, na mama yake, na watoto wake. Huo mnyororo ukikatika miaka mitano tu kuanzia 1975 umeisha. Haukukatika. Kwa sababu ya nani?

Na watu wa Kyoto hawawezi kusema sheria zao hazikubali watu wengi. Mwaka 1997 tuzo ya teknolojia walipewa watu wanne kwa mpigo, wale waliotengeneza microprocessor ya kwanza ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, akiwemo Mjapani mmoja Masatoshi Shima. 2009 walipewa mtu na mkewe, Peter na Rosemary Grant, waliohesabu ndege wa visiwa vya Galápagos miaka na miaka. Na mwaka huo huo wa 1997 tuzo ya sayansi ilikwenda kwa Daniel Janzen, Mmarekani anayefanya kazi Costa Rica, ambaye sifa yake moja kubwa ni kuchukua wanakijiji, wakulima, madereva, mama wa nyumbani, akawafundisha kukusanya na kutambua wadudu na kuwafanya hiyo ndo ajira yao ya kudumu. Pesa ya tuzo aliielekeza kwenye mfuko wa hifadhi ya kule kule Guanacaste. Kwa hiyo wanaelewa kabisa kwamba sayansi ya porini inabebwa na nani.

Tena Kyoto hawana kisingizio cha kutoijua Kigoma. Hapo kwenye mji huo huo kipo chuo kikuu cha Kyoto, na watu wake wamekuwa kwenye ziwa letu karibu muda ule ule aliokuja Goodall. Junichiro Itani na wenzake walizunguka magharibi ya Tanzania wakitafuta sokwe, na 1965 mwanafunzi wake Toshisada Nishida akaweka kambi Mahale, kusini mwa Gombe, kwa Watongwe. Alipanda miwa kuwavuta sokwe, na akagundua kitu ambacho Gombe walikuwa bado hawajakiona sawasawa, kwamba sokwe wanaishi kwenye makundi yenye mipaka na sio kuzurura ovyo. Mahale imekuwa hifadhi ya taifa 1985 na Wajapani walisaidia sana kuipigania. Na kule nako, nani alimfundisha Nishida majina ya miti? Watongwe. Hawa Wajapani walijifunza Kiswahili wakaongea, mzee yeyote wa mwambao ule wa kusini atakuhadithia. Kwa hiyo kati ya miji yote ya dunia inayotoa tuzo, Kyoto ndo mji unaoweza kusoma daftari la Gombe bila mkalimani, na bado.

Sitegemei kamati ya Japani isome barua za gazeti la Kiswahili, sio mjinga. Ninaowaomba ni ninyi. Sokwe mmoja tu wa Gombe, Flo, mama yake Fifi, alipokufa 1972 gazeti la Sunday Times la London lilimwandikia tanzia. Sokwe! Na mimi sina ugomvi na hilo, Flo alikuwa mama wa kweli. Lakini mimi ninayenunua magazeti kila wiki sijawahi kusoma kwenye gazeti la lugha yangu hata makala moja iliyokaa chini na mzee mmoja wa Gombe ikamuuliza, mzee ilikuwaje siku ile ya Godi, ulikuwa umesimama wapi, uliogopa, uliandika nini, ulilipwa shilingi ngapi, nani alikufundisha kusoma saa. Wakati mzee huyo hahitaji kutafsiriwa, anaongea lugha ile ile mnayochapisha. BBC wakija lazima waje na mkalimani, ninyi mnahitaji nauli tu.

Na mkifika ulizeni pia jambo la yale madaftari, maana mwanafunzi wa sekondari hapa Kigoma anafundishwa bailojia kwa mifano ya njegere za Mendel wakati kuna maelfu ya kurasa za bailojia zilizoandikwa na jirani zake kwa lugha anayoota nayo. Anaweza kuzisoma wapi bila kupanda ndege kwenda Marekani? Kama hakuna mahali basi liwe jambo la kudai, na wa kudai ni wizara yenye elimu na sayansi, na wenzetu wa taasisi ya Goodall wenye ofisi hapa hapa mjini, ambao kwa ninavyowajua hawatakataa kuulizwa. Mimi ningependa siku moja mwalimu wa Kiswahili achukue ukurasa mmoja wa Eslom Mpongo aupeleke darasani kama ufahamu. Sentensi fupi, hakuna maneno ya kupamba, kila kitu kimetokea mbele ya macho ya anayeandika. Nani kati yetu anaandika hivyo siku hizi, mimi mwenyewe mnaona sentensi zangu zinavyokimbia bila breki.

Mkimtuma mwandishi mwambieni asipande boti ya watalii, ile inamshusha hifadhini anapiga picha na sokwe anarudi. Apande boti za abiria zinazokwenda Mwamgongo, hizi zinapita kijiji kwa kijiji zimejaa watu na mizigo, polepole, na njiani aulize wenyeji nani amefanya kazi ya utafiti zamani, ataoneshwa nyumba. Abebe na kinasa sauti kizuri maana wazee wengine sauti zimeshuka, na aende mapema, kabla mvua za masika hazijachafua ziwa.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma